Goma: njia ya ndege iliyoliwa na volkano

Umewahi kukaa ndani ya ndege inayokimbia ili ipae, ukajiuliza: injini ikigoma sasa hivi, rubani anafanyaje? Jibu lilishapigiwa hesabu kabla ya kuondoka. Ni kasi ya uamuzi, marubani huiita V1. Kabla ya kuifikia, anakanyaga breki. Akishaipita, kwa kawaida anapaa na tatizo lake hivyohivyo, maana njia iliyobaki haitoshi kusimama. Kumbuka pia kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ambayo breki lazima ziimeze huongezeka mara nne.

Sasa twende Goma, mashariki mwa Kongo. Januari 17, 2002, mlima Nyiragongo ulilipuka. Lava ilishuka ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na njiani ikafunika sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege. Njia ya karibu kilomita 3 ikabaki kama 2 tu. Lava ikapoa, ikawa mwamba, na ndege zikaendelea kutumia kipande kilichobaki.

Kusini hapakuwa na lava. Palikuwa na Birere, mtaa wa nyumba na maduka yaliyobanana.

Aprili 15, 2008, ndege aina ya DC-9 ya shirika la Hewa Bora, safari ya Kisangani na Kinshasa, ilikimbia kuelekea huko. Ilishindwa kupaa, ikashindwa na kusimama, ikaingia Birere na kuwaka moto. Walikufa watu wapatao 40. Mimi hapa ndipo hukwama kila nikisoma: wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa sokoni.

Miaka 9 baadaye, huko Michigan, Marekani, rubani wa MD-83 aligundua kwamba pua ya ndege hainyanyuki, na V1 ameshaipita. Akavunja kanuni, akafunga breki (na alikuwa sahihi, ile ndege isingepaa kamwe). Ikapitiliza mwisho wa njia. Watu 116, hakuna aliyekufa. Mbele palikuwa uwanda mtupu, uliosawazishwa miaka kadhaa kabla kwa ajili ya siku kama hiyo.

ICAO, shirika linaloweka viwango vya usafiri wa anga duniani, hupendekeza eneo la usalama la mita 240 kwenye ncha za njia kubwa. Fungua picha za setilaiti, tafuta uwanja wa Goma, uangalie ncha ya kusini.