Kinasa Sauti Kipya na Sauti ya Zamani

Ndugu msikilizaji, juzi nilitajiwa bei ya kinasa sauti kipya cha kazi. Kwa fedha ile ungeweza kwenda mnadani ukarudi na ng'ombe wawili. Nikajiuliza: je, thamani yake inalingana na bei yake? Jibu la swali hilo nilikwisha kulipata Busi.

Busi ni kata ya wilaya ya Kondoa, mkoani Dodoma, katika nchi ya Warangi. Nilikwenda huko kurekodi simulizi za wazee. Nilipokuwa nakunja waya zangu, mzee mmoja akaniambia: "Mwanangu, hata marehemu baba yangu alirekodiwa na watu wa redio, miaka ya sabini. Alieleza habari za ukoo wetu. Sisi tulikuwa watoto, hatukushika. Sauti ile iko wapi?"

Niliporudi mjini nikaitafuta. Katika ghala la ofisi moja nikakuta boksi la tepu limeandikwa kwa kalamu: Busi. Nilifurahi mno. Lakini mashine ya kuichezesha iliuzwa kama chuma chakavu siku zile mashine mpya zilipoletwa. Basi tepu ipo, sauti haipo.

Tuangalie historia. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi muziki wa wenyeji, ukiwamo wa Wagogo. Vyombo vyake vilibebwa kwa gari, na jenereta iliwekwa mbali ili ngurumo yake isiingie katika wimbo. Mwaka 1951 Stefan Kudelski, mzaliwa wa Polandi aliyeishi Uswisi, aliunda kinasa sauti cha kubeba, kilichozungushwa kwa springi ya kutia ufunguo kama saa. Alikiita Nagra, yaani "itarekodi" kwa Kipolandi. Mashine za jina hilo zilikuwa ghali, lakini mwandishi aliweza kwenda peke yake mahali ambapo gari halifiki. Gharama ile ilikuwa na maana.

Baadaye mambo yakaenda mbio. Kampuni ya Sony ilileta DAT mwaka 1987 na MiniDisc mwaka 1992. Tukaambiwa sauti sasa ni safi, matatizo yamekwisha. Mwaka 2005 Sony ikaacha kutengeneza mashine za DAT, na mwaka 2013 zake za MiniDisc zikafuata. Kila tuliponunua usafi wa sauti, tulifunga kabati jingine la kumbukumbu na kutupa ufunguo.

Mbona kazi za Tracey zinasikika hadi leo? Si kwa ubora wa mashine yake peke yake. Mwaka 1954 alianzisha huko Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Kiafrika, na humo rekodi ziliorodheshwa, zikatunzwa, zikanakiliwa. Pale Kolo, katika wilaya yetu hiyo hiyo ya Kondoa, michoro ya miambani iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mchoro unasomwa kwa jicho tu. Sauti haina bahati hiyo. Bila mashine yake ni bubu.

Sipingi usasa, ndugu zangu. Kama chombo kipya kitakufikisha ambako cha zamani hakikufiki, au cha zamani kinakoroma kuliko msemaji, nunua. Lakini katika hesabu hiyo hiyo weka gharama ya kunakili yale ya zamani, na gharama ya kutunza walau mashine moja ya kuyachezesha. Andika na jina la msemaji, mahali na tarehe. Asiyeweza kulipa gharama hizo bado hajaweza kununua mashine mpya, hata kama fedha anazo mfukoni.

Mimi nimeahirisha kununua. Kwanza natafuta mashine kuukuu ya tepu, iwe mbovu, fundi ataitengeneza. Mzee wa Busi anangoja kumsikia baba yake, naye umri umekwenda.