Walimu wawili nyuma ya jina la daktari

Novemba 1896, Dk. W. Pringle Morgan wa Seaford, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, aliandika katika jarida la madaktari habari za Percy, kijana wa miaka 14. Hesabu alizimudu, michezoni hakuachwa nyuma, na mwalimu wake aliamini kwamba masomo yangekuwa ya mdomo tu, Percy angeongoza shule nzima. Ila jina lake mwenyewe aliliandika "Precy", wala hakuliona kosa mpaka alipoonyeshwa zaidi ya mara moja.

Hali hiyo madaktari wakaiita upofu wa maneno, yaani disleksia ya leo. Macho ya Percy hayakuwa na kasoro, wala hakuwa mzembe, jambo ambalo mzazi wa mtoto mwenye disleksia hulazimika kulieleza hadi leo.

Kwa bahati mbaya, mitindo ya kufundisha ilikuwa inaelekea kwingine. Shule nyingi za Marekani zilishika mtindo wa kumwonyesha mtoto neno zima alikariri kwa umbo lake, sauti za herufi zije baadaye. Huko Iowa, mwaka 1925, daktari wa akili Samuel Orton alichapisha habari za watoto wasioweza kusoma, akiwamo kijana wa miaka 16 mwenye akili nzuri tu. Mwaka 1929 akatamka wazi kwamba mtindo wenyewe wa neno zima unawaumiza watoto wa aina hii.

Daktari aliona ugonjwa, ila dawa ilitengenezwa darasani. Huko New York, mwanasaikolojia wa shule Anna Gillingham na mwalimu Bessie Stillman walikusanya sauti za Kiingereza na kuzipanga kuanzia nyepesi, wakatoa mwongozo wao katikati ya miaka ya 1930. Mtoto anaiona herufi kwenye kadi, anatamka sauti yake, anaiandika. Jicho, sikio, mdomo na mkono vinafanya kazi pamoja. Kwenye imla, mwalimu anataja neno, mtoto analirudia, analivunja katika sauti zake, kisha analiandika huku akitaja kila herufi. Dunia inauita mfumo huu Orton-Gillingham. Jina la Stillman limedondoka njiani, na mimi naona hiyo ni dhuluma.

Anayejua ma-me-mi-mo-mu ya Kiswahili anaweza kushangaa kazi yote hii ni ya nini. Kiingereza kina herufi 26 kwa sauti zipatazo 44. William Caxton alipoanzisha uchapishaji Uingereza mwaka 1476, herufi k ya "knee" ilikuwa bado ikitamkwa. Matamshi yakahama, tahajia ikabaki. Nyingine ni makusudi ya wasomi: b ya "debt" iliingizwa ili neno lifanane na Kilatini. Asante yao!

Hata hivyo fujo hiyo ina utaratibu wake, na hapo ndipo walimu wale walipomsaidia mtoto. Kwa nini "back" inaishia na ck na "milk" na k peke yake? Kwa sababu ck hufuata moja kwa moja irabu fupi. Kwa nini "hop" ikiongezwa e inakuwa "hope"? Hiyo e haitamkwi, inabadilisha sauti ya o. Mtoto ambaye kumbukumbu ya maumbo imemtupa sasa ana kanuni ya kushika. Maneno kama "said" yanabaki ya kukariri, hakuna njia ya mkato.

Tusiutukuze mno mfumo huu. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2021 haukupata ushahidi wa kutosha kwamba Orton-Gillingham yenyewe inazishinda mbinu nyingine. Na wengi wenye disleksia hujifunza kusoma vizuri huku tahajia ikiendelea kuwasumbua ukubwani.

Lakini kufundisha sauti za herufi kwa mpangilio kumeshinda hoja: ripoti ya Marekani ya mwaka 2000 iliunga mkono, na ya Uingereza ya 2006 vilevile. Tangu 2012, watoto wa miaka mitano na sita England hupewa jaribio lenye maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote, ili anayetegemea kukariri ajulikane mapema.