Irumu: mateso ya roho kwa vijana yanapimwa namna gani?

Malaria tunaipima kwa tone la damu. Lakini kijana aliyekimbia usiku kule Boga ao Komanda, ambaye halali tena na anagombana na kila mtu nyumbani, yeye tutampima na nini? Hakuna mashini ya kazi hiyo. Kuna maulizo.

Maulizo hayo ni ya aina mbili. Ya kwanza yanatafuta mambo yaliyomkuta kijana: kuona mtu akiuawa, kuchomewa nyumba, kutekwa, kubakwa. Ya pili yanatafuta namna anavyoishi leo. Karatasi moja, IES-R, ina maulizo 22 juu ya siku saba zilizopita: picha za vita zinarudi kichwani? Unakwepa kila kinachokukumbusha? Unashtuka ovyo? Nyingine, HSCL-37A, ina maulizo 37 juu ya woga, huzuni na tabia kama kupigana ao kutumia pombe. Zote mbili zilikwisha kurekebishwa kwa ajili ya vijana wa Mashariki ya Kongo.

Marekebisho yalihitajika. Kwetu “roho” ni moyo unaodunda, ni nafsi pia. Ulizo likikaa vibaya, jibu litapotea. Tena, mtu anayelala na viatu kwa sababu risasi zililia jana, huyo si mgonjwa, ni mwangalifu. Anayeuliza lazima ajue pahali alipo.

Hesabu za Ituri zipo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 uliuliza vijana 1.046 wa miaka 13 hadi 21 katika shule 13 za sekondari. Kwa kila vijana 100, 95 walikuwa wamepitia angalau tukio moja la kutisha, na 52 walionyesha dalili nyingi za mshtuko. Mwaka 2011, katika shule 22 za Bunia, wasichana 1.305 waliulizwa: 38 kwa kila 100 walisema walitendewa jeuri ya kingono. Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba shida za kila siku na masengenyo ya majirani vinaumiza sana, pamoja na vita vyenyewe.

Hapo ndipo familia ina kazi. Risasi hatuwezi kuzizuia sisi, lakini kumwita binti “aliyeharibika” tunaweza kuacha leo.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, 52 kwa 100 haimaanishi nusu ya vijana ni wagonjwa. Karatasi inaonyesha nani wa kusikilizwa zaidi. Ugonjwa unathibitishwa na muganga aliyesomea. Pili, walioulizwa ni wanafunzi tu. Kijana asiyesoma, awe wa machimbo, wa kambi ya wahami, ao aliyetoka kwa wenye silaha, hakuhesabiwa.

Wakikuja kwenu kuuliza, baba na mama, mna haki ya kujua: majina yataandikwa? Nani atasoma majibu? Kijana akilia katikati ya maulizo, nani atabaki naye? Kijana naye ana haki ya kukataa. Na msimfundishe majibu mkifikiri kuna msaada utagawiwa; uongo utaficha mwenye shida ya kweli.

Mtoto akisema anataka kufa, msingoje karatasi yoyote. Msimwache peke yake, mpelekeni kituo cha afya siku ile ile.