Muhula Kabla ya Uziwi: Funzo la Panya wa Beethoven

Aghalabu uziwi wa kurithi hudhaniwa kuwa ni hukumu iliyokwisha kukatwa kabla mtoto hajazaliwa, hata tabibu, akishajua kwamba asili ya maradhi imo katika nasaba, huona hana la kufanya ila kupima kiasi cha hasara na kumpa mgonjwa kifaa cha kumsaidia kusikia. Dhana hiyo haisihi kwa ule uziwi uzidio kidogo kidogo. Kwani baina ya kasoro ya jeni na kufa kwa chembehai za kusikilia mna muhula, na muhula huo ndio uwanja halisi wa tiba.

Dalili iliyo wazi kabisa ya jambo hili ni panya aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 2002, ambaye alipatikana Ujerumani katika utafiti wa kubadili jeni za panya kwa kemikali, akapewa jina la Beethoven, mtunzi wa muziki aliyefariki 1827 baada ya usikivu wake kufifia mwaka hata mwaka. Katika jeni yake iitwayo Tmc1 pamebadilika herufi moja tu, na kwa sababu hiyo nafasi ya 412 ya protini ina lisini badala ya methionini. Panya aliyeirithi kasoro hii kwa wazazi wote wawili huwa kiziwi kabisa, ilhali aliyeirithi kwa mzazi mmoja huanza maisha akisikia, kisha usikivu humtoka kadiri umri unavyosonga.

Sababu yake imo ndani ya koklea, kiungo cha kusikilia katika sikio la ndani, ambamo panya ana takriban chembehai 3,000 zenye vinyweleo, na mwanadamu takriban 15,000 katika kila sikio. Sauti itikisapo vinyweleo hivyo, hufunguka milango midogo ambayo protini ya TMC1 ni sehemu yake, ayoni zikaingia, na habari ya sauti ikapelekwa kwenye neva. Kwa panya wa Beethoven milango hiyo ipo na yafanya kazi, lakini kalisi huipenya kwa kiasi pungufu kuliko ada. Na chembehai, ijapokuwa zilikua zikatimia umbo, hudhoofika na hatimaye hufa. Zikishakufa hakuna badala yake, maana mamalia, kinyume cha ndege, hawaoti nyingine. Kwa hiyo tiba ya jeni yenyewe haina budi kuzikuta chembehai zingali hai.

Wala si habari ya panya peke yake, kwani mwaka 2014 badiliko lilo hilo lilitangazwa kuonekana katika ukoo mmoja wa Kichina wenye uziwi wa kuzidi. Miaka minne baadaye watafiti wa Marekani waliwatia panya wachanga wa Beethoven sikioni vimeng'enya vya kukata jeni yenye kasoro na kuiacha iliyo sahihi, na masikio yaliyotibiwa yakasikia sauti hafifu zaidi kuliko yasiyotibiwa.

Yuko atakayepinga, na hoja yake ina uzito, kwamba panya huzaliwa sikio lake la ndani halijakomaa, akaanza kusikia takriban siku ya kumi na mbili, hali mwanadamu husikia angali tumboni mwa mama. Hivyo kumtibu panya mchanga ni sawa na kumtibu mwanadamu kabla ya kuzaliwa, jambo lisilo jepesi. Lakini jawabu lilipatikana mwaka 2024, pale panya wazima, waliobeba badiliko la jeni ya miR-96 liletalo uziwi wa kuzidi, lililojulikana tangu 2009 katika ukoo wa Kihispania, walipohaririwa jeni wakiwa na umri wa wiki sita, na usikivu wao ukahifadhiwa. Basi mlango haufungwi siku ya kuzaliwa. Hufungwa chembehai zinapokwisha.

Kutokana na hayo yafuata kwamba uchunguzi wa jeni, ambao mara nyingi huja baada ya uziwi kukamilika ili kueleza tu sababu yake, wapasa kutangulia, na ufanywe kwa jamaa wote wa ukoo wenye maradhi haya wangali wakisikia, iwapo wenyewe wameridhia. Tiba bora kupita zote, ikiletwa kwa mtu ambaye chembehai zake zimekwisha, haitamfaa kitu. Na kumjua mapema yule ambaye bado anazo ni nusu ya kumtibu.