Kuhama programu ya kurekodi muziki

Kuhama programu ya kurekodi muziki ni kuutoa wimbo ulioanzwa katika programu moja ya kompyuta na kuuendeleza katika nyingine bila kupoteza sauti wala mpangilio wake. Wanaorekodi nyumbani hulazimika kufanya hivyo wanapobadilisha kompyuta, wanapompelekea prodyuza mwingine kazi aikamilishe, au programu ya kwanza inaposhindwa kubeba aina ya muziki wanaoutaka.

Mazingira ya Busia na Tororo

Mji wa Busia umekatwa na mpaka. Upande wa mashariki ni makao ya Kaunti ya Busia nchini Kenya, na wa magharibi ni Wilaya ya Busia nchini Uganda. Tororo uko Uganda, takriban kilomita 30 kuelekea kaskazini. Wateso na Wasamia wanaishi pande zote mbili, na Jopadhola wako hasa Tororo. Kwa hiyo ni rahisi mpigaji wa akogo, chombo cha Wateso chenye vijiti vya chuma vinavyodonolewa kwa vidole gumba, awe wa nchi moja na mwenye kompyuta awe wa nchi nyingine. Soketi za pini tatu ni za aina moja Kenya na Uganda, na laptopu huchomekwa popote bila adapta. Kinachogoma kuvuka mara nyingi ni faili la mradi.

Programu zenyewe

Cubase ya kampuni ya Steinberg, Ujerumani, ilitoka mwaka 1989, na Pro Tools ikafuata mwaka 1991. FruityLoops ilianza Ubelgiji mwaka 1997 kama mashine ya kupanga midundo, na tangu mwaka 2003 inaitwa FL Studio. Imeenea sana miongoni mwa maprodyuza wa Afrika Mashariki, kwa kuwa hurahisisha utengenezaji wa biti na anayeinunua hupata matoleo mapya bila kulipa tena. Logic ilinunuliwa na Apple mwaka 2002 na sasa hutumika kwenye vifaa vya kampuni hiyo tu. REAPER, iliyoasisiwa na Justin Frankel aliyebuni pia Winamp, ni nyepesi na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60. Audacity ni ya bure.

Tofauti ya asili hizo huonekana kazini. Katika FL Studio mtu huanza na kipande kifupi cha mdundo, akakirudia na kukipanga. Katika REAPER au Cubase mstari mmoja wa wakati hutembea kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtindo huo unalifaa kundi linalopiga akogo au ngoma ndefu ya fumbo kwa dakika nyingi mfululizo, mwendo ukipanda kadiri wachezaji wanavyochangamka. Ndiyo sababu baadhi ya maprodyuza hutengeneza biti katika programu moja na kurekodi watu katika nyingine.

Kinachohama na kisichohama

Faili la mradi husomwa na programu iliyolitengeneza, mara chache na nyingine. Mwaka 2023 kampuni za Bitwig na PreSonus zilitoa muundo wa pamoja uitwao DAWproject, lakini si programu zote zinazoupokea. Vitu viwili huvuka kwa uhakika: sauti katika faili za WAV, na noti za MIDI. MIDI hubeba noti, haibebi mlio wa kinanda kilichozicheza. Plagini, mwangwi na mipangilio ya kumiksi hubaki nyuma. Anayetaka mlio fulani uhame lazima augeuze kuwa sauti kwanza.

Namna ya kuhama

Kila traki hutolewa kama faili la WAV linaloanzia sekunde ya sifuri, hata kama chombo kinaingia baadaye. Tuseme wimbo una mapigo 96 kwa dakika, manne kwa kila baa, na akogo inaingia baa ya 33, yaani baada ya sekunde 80. Faili likikatwa pale akogo inapoanza, anayelipokea Tororo hatajua liwekwe wapi. Likiwa na zile sekunde 80 za kimya, hulivuta hadi mwanzo wa mstari na kila kitu kinakaa mahali pake.

Mwendo uandikwe kwenye jina la folda, kwa sababu REAPER hufungua mradi mpya kwa mapigo 120. Kiwango cha sampuli nacho kiandikwe. Faili la 48,000 kwa sekunde likichezwa kama la 44,100, sauti hushuka kwa karibu nusutoni moja na nusu na mwendo hupungua. Kwa piano kosa hilo husikika mara moja. Akogo husawazishwa kwa sikio la mpigaji, kwa hiyo prodyuza asiyemjua anaweza kumiksi wimbo mzima bila kugundua, hadi mwimbaji ashindwe kuufikia ufunguo wake. Dawa ni kutuma pamoja na traki nakala moja ya wimbo kamili, ya kulinganishia.

Traki moja isiyo ya stereo, ya biti 24 na sampuli 44,100, hula megabaiti nane hivi kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye traki 20 ni kama megabaiti 640. Mzigo huo unamaliza bando la siku, lakini unaenea kwenye flashi ndogo ambayo mwendesha bodaboda anaivusha kwa safari moja.

Umuhimu wa kuhifadhi sauti

Hugh Tracey alirekodi muziki Kenya na Uganda mwaka 1950 na 1952, na Klaus Wachsmann wa Jumba la Makumbusho la Uganda alirekodi kati ya 1949 na 1954. Rekodi za Wachsmann zina nakala Chuo Kikuu cha Makerere, na za Tracey zinatunzwa Afrika Kusini. Zinasikika hadi leo kwa sababu ni sauti tupu: vifaa vimebadilika mara nyingi, na kila mara sauti imenakiliwa kwenye kifaa kipya. Mradi wa kompyuta unaotegemea plagini fulani unaweza kushindwa kufunguka baada ya miaka michache tu. Kwa hiyo prodyuza wa mpakani anayetoa traki zake zote katika WAV kila anapomaliza wimbo, hata asipokusudia kuhama, anawawekea Wateso, Wasamia na Jopadhola akiba ya muziki wao.