Dizeli Inayokataa Alfajiri: Habari za Mafundi wa Kibamba

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, akiisha kuzipita Kimara na Mbezi Luis na kabla hajafika Kiluvya, huikuta Kibamba, iliyokuwa chini ya Kinondoni mpaka ilipoundwa Manispaa ya Ubungo. Hapo, kandokando ya njia na chini ya vivuli vya miti, magari makuukuu ya dizeli yametibiwa kwa miaka mingi na mafundi ambao aghalabu hawakupata kuketi darasani wakasomeshwa fani hiyo. Nimekusudia kueleza asili ya maarifa yao, hususan katika jambo lile ambalo kwangu ndilo mtihani wa fundi wa kweli: gari la dizeli lililozimwa jioni likiwa zima, na alfajiri likakataa kuwaka.

Injini ya dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, aliyeifanikisha injini yake mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, aliijenga juu ya kanuni kwamba hewa ikishindiliwa kwa nguvu nyingi hupata joto la kuyawasha mafuta bila ya msaada wa kitu kingine. Na katika magari ya kale yenye chemba ndogo ya awali, hewa hushindiliwa hata ikabaki kiasi cha sehemu moja kati ya ishirini ya ujazo wake, au pungufu ya hiyo. Silenda ikiwa baridi, chuma hulinyang'anya joto lile kabla mafuta hayajashika, na kwa sababu hiyo watengenezaji waliweka katika kila silenda plagi ya hita, ambayo ncha yake huwa nyekundu kwa umeme wa betri dereva anapoisubiri taa ya koili izimike.

Lakini baridi ya Kibamba ni baridi gani? Katika kipupwe cha Juni na Julai, pwani yetu ni nadra kushuka chini sana ya nyuzi 18, na katika hali hiyo injini yenye afya huwaka baada ya kungojea kidogo tu. Kwa hiyo mwenye gari anayelalamika kwamba baridi imemharibia asubuhi yake huisingizia hali ya hewa. Baridi ni shahidi aliyekuja kuufichua ugonjwa uliokuwamo siku nyingi, ambao mchana, injini ikiwa moto, ulikuwa umejisitiri.

Baridi ya kweli iko mbele zaidi katika barabara hiyohiyo, Iringa, Makambako na Mbeya, na huko ndiko sehemu kubwa ya elimu hii ilikonolewa. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilinyimwa njia yake ya mafuta ya kusini, na malori yakaanza kuyachukua mafuta kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Morogoro na nyanda za juu, katika njia ya vumbi na tope ambayo wageni waliipa jina la jahanamu, mpaka bomba la mafuta la TAZAMA, la Tanzania na Zambia, lilipokamilika mwaka 1968 na lami ikafuata baadaye. Dereva aliyelala na lori lake nyanda za juu alilazimika kuijua dizeli kwa sauti na kwa harufu, kwani alfajiri hapakuwa na gereji ya kuikimbilia; naye utingo wake, akiisha kuchoka na safari, ndiye aghalabu aliyefungua kijigereji kando ya njia aliyoizoea.

Kisha ikaja dhiki, na kwa maoni yangu dhiki ndiyo iliyowafanya mafundi hawa kuwa wanazuoni. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979, vita vya Kagera vikala akiba ya nchi, fedha za kigeni zikaadimika, na spea zikawa kitu cha kutafutwa kwa miezi. Fundi wa zama hizo hakuwa na uwezo wa kubadilisha hiki, akajaribu kile, mpaka gari liwake. Ilimpasa akijue kwa yakini kilichokufa kabla hajamtuma mwenye gari kukitafuta. Soko lilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, Hilux na Hiace za mitumba zikaja kutoka Japani, mitaa ya Gerezani, Dar es Salaam, ikajaa spea, na tabia ya kubahatisha ikaingia. Hata hivyo waliofunzwa katika dhiki hawakuiacha njia yao.

Njia yenyewe huanza kwa maswali. Fundi hafungui boneti kwanza.

"Shikamoo, mzee. Gari limelala wapi?"

"Marahaba, fundi. Hapohapo mlimani, limeelekea juu."

Jibu hilo peke yake lina uzito, kwani pua ya gari ikiwa juu na tangi likiwa chini nyuma, tundu dogo tu katika mpira au kifuniko cha filta huingiza hewa, na usiku kucha mafuta hurudi tangini. Hapo fundi hubonyeza pampu ya mkono juu ya filta. Ikiwa laini, huchomeka kipande cha mpira angavu katika njia ya mafuta, kisha huinama na kutazama vipovu vinavyopita. Akivikosa, huamuru stata ipigwe, naye husimama nyuma ya gari, kwenye ekzosi. Stata ikizunguka kivivu, betri au nyaya zake ndizo za kuulizwa kwanza. Pasipotoka moshi wowote, mafuta hayafiki. Ukitoka moshi mweupe unaochoma macho, mafuta yanafika ila hayashiki, basi hufungua waya unaoziunganisha hita, akazigusa moja baada ya moja kwa taa ya testa, na ile isiyoiwasha taa imekufa. Hita zikiwa nzima zote na moshi ukazidi kuwa mweupe, zimebaki nozeli zinazodondosha badala ya kunyunyiza, au mshindilio uliopungua kwa ringi kuchakaa. Na hili la mwisho hujulikana gari likiisha kuwaka, kifuniko cha oili kikifunguliwa pakafuka moshi kwa mapigo. Gari linalosumbua likiwa baridi na kutii likiwa moto hushukiwa hita na mshindilio. Linalotii asubuhi na kukataa mchana likiwa moto hushukiwa pampu inayoyasukuma mafuta kwenye nozeli.

Pampu hizo zilipata adui mwingine, nayo ni mafuta ya taa. Yalipokuwa rahisi kuliko dizeli, wauzaji waovu waliyachanganya, na kwa kuwa pampu hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, mafuta mepesi yaliisaga. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba katika mafuta, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya ulaghai huo.

Mwaka 2017 nyumba na vibanda vilivyokuwa katika hifadhi ya barabara, Kimara hadi Kiluvya, vilibomolewa ili njia ipanuliwe, na fundi aliyekuwa kando ya lami hakuwa na budi kuingia mitaa ya ndani. Maarifa yake nayo yasije yakapotea vivyo hivyo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hutahini na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi nje ya darasa. Ninaiomba iongeze jambo moja, nalo ni kuwaketisha wazee hawa pamoja na waandishi, ili mpangilio wa maswali yao uandikwe kwa Kiswahili na kufundishwa katika chuo chake cha Chang'ombe wangali hai.