Kutoka Kibarazani hadi Barazani

Lipo neno moja la siasa za Marekani ambalo mfasiri wa Kiswahili hulikwepa kadiri awezavyo, nalo ni kokasi. Akiandika "mkutano" amelipunguza. Akiandika "kikao cha chama" amelifungia mlango, ilhali maana yake yote imo katika mlango ulio wazi. Wamarekani wenyewe hawaafikiani limetoka wapi, na wako wanaolinasibisha na lugha za wenyeji wa asili wa pwani ya mashariki. Lijulikanalo ni kuwa Februari 1763 John Adams, aliyekuja kuwa Rais wa pili wa nchi hiyo, aliandika katika shajara yake habari za watu wa Boston waliokutana darini kwa Tom Dawes. Walivuta tumbaku mpaka wa upande huu asimwone wa upande ule, na humo moshini wakaamua nani atakadiria kodi, nani atakusanya, nani atawakilisha, kabla mji wenyewe haujapiga kura.

Kiswahili kina neno linalokaribia, nalo ni baraza. Ni ile sakafu ya mawe mbele ya nyumba wanapokaa majirani baada ya Alasiri, na ni jina la chombo cha kutunga sheria. Zanzibar ina Baraza lake la Wawakilishi tangu 1980, na chombo kama hicho cha jimbo la Minnesota hakiwezi kupewa jina jingine kwa Kiswahili. Udugu wa maana hizo mbili haukuja bure. Historia ya kiti kimoja tu cha Minnesota, kiti cha wilaya ya uchaguzi 60B mjini Minneapolis, yaonyesha jinsi njia ya baraza kubwa inavyopita katika baraza dogo, na jinsi asiyefika kwenye lile dogo anavyoamuliwa mambo yake kabla karatasi za kura hazijachapwa.

Minnesota iliingia katika Muungano wa Marekani tarehe 11 Mei 1858, ikiwa jimbo la 32. Kuzaliwa kwake kulikuwa ugomvi wa kikao. Mwaka 1857 wajumbe wa kuandika katiba walikataana mapema kabisa, Warepublican wakakaa peke yao na Wademokrati peke yao, na hatimaye zikatiwa saini nakala mbili zenye tofauti ndogo ndogo za maneno. (Mfasiri na acheke: jimbo zima lenye matini asilia mbili.) Katiba hiyo ilimruhusu mgeni mzungu aliyekwisha kutangaza nia ya kuwa raia apige kura hata kabla uraia haujamfikia, na ruhusa hiyo ikadumu hadi 1896. Watu wa Norway na Sweden waliitumia barabara. Knute Nelson, aliyezaliwa Norway mwaka 1843 na kuvushwa bahari akiwa mtoto, akawa gavana mwaka 1893. Barabara ya Cedar mjini Minneapolis ilikuwa mtaa wao, wenye lugha zao na maduka yao. Kwa hiyo mgeni kuingia barazani Minnesota si jambo la jana. Kilichobadilika ni rangi yake, dini yake, na sheria, ambayo sasa yamtaka awe raia kwanza.

Baraza la Wawakilishi la jimbo lina viti 134 na Seneti 67. Kila wilaya ya Seneti hukatwa mapande mawili, A na B, na kila pande humtoa mwakilishi wake kila baada ya miaka miwili. Baada ya hesabu ya watu ya 2010 kila mwakilishi aliangukiwa na watu wapatao 39,500. Ada ya kugombea ni dola 100. Kwa nchi ambayo kampeni zake hula fedha kama moto wa makuti, dola 100 ni mlango mpana.

Lakini mlango huo ni wa uani. Minneapolis ni ngome ya chama cha DFL, kilichoundwa mwaka 1944 kwa kuunganishwa Wademokrati wa Minnesota na chama cha Wakulima na Wafanyakazi, na katika wilaya kama 60B aliyeshinda ndani ya DFL ameshashinda. Kuungwa mkono rasmi na chama huanzia kwenye kokasi ya mtaa. Ni Jumanne moja ya majira ya baridi katika mwaka unaogawika kwa mbili, saa moja usiku, shuleni au kanisani au katika ukumbi wa mtaa. Anaingia yeyote anayekaa eneo hilo, atakayekuwa na haki ya kupiga kura katika uchaguzi mkuu unaofuata, na anayekubaliana kwa jumla na misingi ya chama. Hakuna kadi wala kiingilio. Sheria ya jimbo humlazimu mwajiri kumruhusu mfanyakazi aende, ilimradi amearifiwa kwa maandishi siku kumi kabla. Waliohudhuria huchagua wajumbe, wajumbe hao huenda kwenye mkutano mkuu wa wilaya, na huko mgombea hutakiwa apate asilimia 60. Aliyekosa aweza bado kwenda kwenye kura ya mchujo mwezi Agosti, lakini atakwenda bila baraka za chama na bila jeshi lake la kujitolea. Msomaji aliyesikia vilio vya wagombea wa Tanzania mwaka 2020 juu ya wajumbe na kura za maoni hahitaji kuelezwa zaidi mjumbe ni nani.

Uzuri wa utaratibu huu ni uchache wa watu. Katika miaka isiyo na kinyang'anyiro cha urais viti vingi hubaki vitupu, na familia mbili tatu zilizoazimia zaweza kuamua wajumbe wa mtaa mzima. Ubaya wake ni uchache huo huo. Anayefanya kazi ya usiku hospitalini, mama asiye na wa kumwachia watoto, mzee anayeogopa barafu, wote hao wana haki ya kuwamo na hawamo. Na aliyefika akakuta watu wanabishana kwa kanuni za mikutano alizochapisha afisa wa jeshi Henry Martyn Robert mwaka 1876, hoja juu ya hoja, kwa Kiingereza cha haraka, huyo naye yumo kwa mwili tu.

Hapo ndipo anapoingia mkalimani. Mwaka 1991 dola ya Somalia ilipovunjika, maelfu ya watu walikimbilia Kenya, na baadhi yao wakawekwa katika kambi ya Utange, kaskazini ya Mombasa, mahali ambapo sauti ya Kiswahili ilikuwa jirani ya kila siku. Miongoni mwao alikuwamo mtoto Ilhan Omar, aliyekaa kambini miaka minne pamoja na baba yake, babu yake na ndugu zake. Mwaka 1995 familia ikapelekwa Marekani, na mwaka 1997 ikahamia Minneapolis. Babu alikuwa mtu wa kupenda mambo ya umma, lakini Kiingereza chake hakikutosha. Alipotaka kwenda kwenye kokasi za DFL alimchukua mjukuu, msichana wa miaka 14 hivi, amfasirie.

Inafaa kusimama hapa kidogo, maana waandishi wa habari hulitaja jambo hili kama pambo, ilhali ndiyo elimu yenyewe. Mkalimani hana ruhusa ya kusikiliza nusu. Mtu mzima aliyechoka aweza kusinzia wakati katibu anaposoma taratibu, anayefasiri hawezi. Lazima ajue "hoja imeungwa mkono" ina maana gani kabla hajaisema kwa Kisomali, na lazima arudishe swali la babu kwa adabu ya babu na kwa namna ambayo mwenyekiti atalielewa. Kwa hiyo katika chumba hicho huenda mtoto ndiye aliyekuwa akifuatilia kila neno. Watoto wengi wa wahamiaji wamepita chuo hicho, sokoni, hospitalini, shuleni. Ni wachache waliopitishwa katika chuo cha siasa.

Wakati huo majengo marefu ya Riverside Plaza, yaliyobuniwa na Ralph Rapson na kufunguliwa mwaka 1973, yalikuwa yamejaa Waafrika Mashariki, hasa Wasomali, kando ya ile ile barabara ya Cedar ya watu wa Sweden. Wengi walikuwa raia tayari. Walichokosa ni mazoea ya Jumanne ile. Mazoea yakaja hatua kwa hatua: mwaka 2010 Hussein Samatar alichaguliwa katika bodi ya shule za Minneapolis, na mwaka 2013 Abdi Warsame akaingia katika baraza la mji, baada ya wafuasi wake kufurika kwenye kokasi za kata ya 6 na kuwashangaza waliozoea kukutana wao kwa wao. Ilhan Omar naye aliendesha kampeni za wengine, ukiwamo ule wa Andrew Johnson wa baraza la mji mwaka 2013, kisha akawa msaidizi wake.

Kiti cha 60B kilikuwa na mwenyewe. Phyllis Kahn, mwanasayansi wa biofizikia, alichaguliwa mara ya kwanza mwaka 1972, na jina lake limefungamana na sheria ya 1975 ya kuzuia uvutaji sigara katika majengo ya umma, miongoni mwa za mwanzo nchini humo. Si haki kumchora kama bibi aliyeng'ang'ania tu. Alikuwa mbunge hodari, na alipoingia yeye mwenyewe alikuwa mgeni, mwanamke katika baraza la wanaume. Mwaka 2014 alikabiliwa na Mohamud Noor, Msomali.

Tarehe 4 Februari 2014 watu walikusanyika katika kituo cha Brian Coyle, chini ya majengo yale marefu, kwa ajili ya kokasi. Ukumbi ukajaa kuliko uwezo wake. Wasomali wenyewe walikuwa wamegawanyika, baadhi kwa Kahn na baadhi kwa Noor. Ubishi juu ya nani aongoze kikao ukageuka ngumi, na kokasi ikavunjwa kabla ya kumaliza kazi yake. Ilhan Omar alishambuliwa na kujeruhiwa usiku ule. Waliokuwa na mashaka na wageni wakapata ushahidi walioutaka. Wakasahau wale wa 1857 waliogawana vyumba kwa sababu hiyo hiyo ya nani aongoze. Tofauti ni kwamba wale wa zamani wanaitwa waasisi. Hata hivyo, kosa halikuwa dogo. Baraza linaloogopwa na wanawake na wazee limekwisha kufa kama baraza, hata kama watu wamejaa. Mkutano mkuu wa wilaya haukumuunga mkono yeyote, na Agosti Kahn akashinda mchujo.

Mwaka 2016 walirudi wote wawili, na safari hii Ilhan Omar aligombea mwenyewe. Kampeni yake ilifanya kazi ambayo kwa nje haina mvuto wowote: kupita majumbani na mabwenini wiki nyingi kabla, kueleza kokasi ni nini, iko wapi, huchukua muda gani, nani atawaangalia watoto. Wilaya hiyo inabeba eneo la Chuo Kikuu cha Minnesota, na wanafunzi huhamahama. Mtu aliyehama mtaa Septemba hajui kituo chake Machi. Kokasi za mwaka huo zilifanyika tarehe 1 Machi. Kwa kuwa urais pia ulikuwa unashindaniwa, jimbo zima lilifurika, DFL pekee watu zaidi ya 200,000, na vyumba vikawa havitoshi hata watunga sheria wakaamua baadaye mwaka huo kwamba uteuzi wa rais uhamishiwe kwenye kura ya mchujo kuanzia 2020. Wagombea wa viti vya jimbo waliachiwa kokasi yao.

Aprili, katika mkutano mkuu wa wilaya, Omar aliongoza lakini asilimia 60 hazikufika, na watu wakaondoka bila uamuzi. Kwa kanuni, kazi yote ile haikuzaa kitu. Kwa hakika ilikuwa imezaa orodha: majina, milango, nani ana gari, nani anazungumza Kioromo, nani hulala mchana. Tarehe 9 Agosti Omar alipata karibu asilimia 41, Noor na Kahn kila mmoja chini ya 30. Kura zote hazikufika 6,000. Katika wilaya ya watu 39,500, uwakilishi wa miaka 44 uliisha kwa idadi ambayo ingejaa uwanja mdogo wa mpira. Novemba alishinda kwa urahisi, na Januari 2017 akaapishwa mjini Saint Paul, Msomali wa kwanza katika chombo cha kutunga sheria popote Marekani.

Wako wanaotaka kokasi zifutwe kabisa, na hoja zao zina uzito. Kura ya siri humlinda mnyonge kuliko mkono ulioinuliwa mbele ya jirani, na vikao hivi bado hukosea hesabu: mwaka 2025 DFL ya jimbo ilifuta uamuzi wa mkutano wa Minneapolis uliomuunga mkono Seneta Omar Fateh kwa umeya, kwa kasoro za upigaji kura. Lakini mchujo mtupu humpa nafasi mwenye fedha za matangazo, na aliyetoka Utange hakuwa nazo. Yule babu asingeweza kumsomesha mjukuu kwa kumpeleka kwenye kibanda cha kura, anakoingia mtu peke yake na kutoka kimya.

Omar alikaa barazani muhula mmoja tu. Mwaka 2018 aligombea Bunge la Marekani akashinda, na 60B ikawa wazi. Mohamud Noor, aliyekwisha kushindwa humo mara mbili, akachukua fomu tena, akalipa dola zake 100, na Januari 2019 akaapishwa.